Bima ya marehemu haionekani? Tafuta pesilipi

Ami yangu alikuwa mwalimu hapa Lamu. Alipofariki tulipekua kasha lake mpaka chini: risiti za saruji, kadi ya kliniki ya punda, picha za harusi zilizoshikana kwa unyevu. Karatasi ya bima, hakuna. Kilichotuokoa ni pesilipi moja kuukuu, ile karatasi ya mshahara, iliyokunjwa mara nne. Kwenye makato, chini ya mkopo wa sacco, palikuwa na jina la kampuni ya bima na namba ndefu. Kumbe ndiyo namba ya bima yenyewe.

Kwa hivyo ukifiwa, usitupe laini ya marehemu. Jumbe za M-Pesa huonyesha alikokuwa akilipa kila mwezi. Kwenye taarifa ya benki, angalia makato madogo yanayojirudia. Mwajiri na sacco nao waulize, maana huwa kuna bima ya kikundi ambayo hata mke hajawahi kuisikia.

Ikiwa miaka imepita, huenda pesa zimeshapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali inayoshika mali za kifedha zisizodaiwa chini ya sheria ya 2011. Uwe na namba ya kitambulisho cha marehemu, ubonyeze *361# au uingie tovuti yao, kabla hujavuka kwenda gati ya Mokowe, kule bara, kupanda basi la Mombasa.

Cheti cha kifo kifuatilie mapema. Kibali cha mazishi hakitoshi kudai pesa hizo. Na wale wa "nitakutafutia, unipe fungu langu", waambie wapige hodi kwingine.