Somo: Kukikabili kibao cha Lineari A kwa kalamu na karatasi

Wengi mnaoniuliza kuhusu maandishi ya kale yasiyoeleweka huanzia mwisho: "Ni lugha gani hiyo?" Swali hilo liwekeni kando kwanza. Lineari A ni mwandiko wa kale uliotumika kisiwani Krete, Ugiriki, takriban kati ya 1800 na 1450 KK. Mwanaakiolojia Arthur Evans, aliyeanza kuchimba magofu ya Knossos kisiwani humo mwaka 1900, ndiye aliyeipa jina, na hadi leo lugha iliyomo haijajulikana. Hata hivyo, ukiwa na picha safi na subira, kuna mengi utakayoyatoa kwa mkono wako mwenyewe. Tuchukue kibao cha udongo kiitwacho HT 85, kutoka Hagia Triada kusini mwa Krete, upande wa kwanza.

Hatua ya 1: Hesabu alama. Orodhesha kila alama mara moja tu. Mwandiko wenye alama 20 au 30 huwa ni alfabeti. Ukiwa na mamia, alama nyingi husimamia maneno mazima. Lineari A ina kama 90 za kawaida, katikati ya hizo mbili, kwa hiyo tunashughulika na silabi: alama moja, silabi moja.

Hatua ya 2: Tafuta tarakimu. Hapa ndipo utamu ulipo, usiharakishe. Kistari cha wima ni 1, cha mlalo au nukta ni 10, duara ni 100. Kwenye kibao chetu, baada ya kichwa chenye alama ya mtu, yanafuata maneno saba, kila moja na namba yake: 12, 12, 6, 24, 5, 3, 4. Mwishoni kuna neno la alama mbili, kisha 66. Jumlisha mwenyewe kabla ya kuendelea. Umeona? Neno lile ni "jumla", na linakaa mahali hapohapo kwenye vibao vingine. Umelielewa neno la watu waliokufa zaidi ya miaka 3,400 iliyopita, bila kujua hata linavyotamkwa.

Hatua ya 3: Azima sauti. Alama nyingi zinafanana na za Lineari B, mwandiko uliofuata kisiwani humo. Huo aliutengenezea njia mtafiti Alice Kober, aliyeonyesha kwa kadi zake kwamba maneno yake hubadilika miisho, kisha Michael Ventris, msanifu majengo, akaufungua mwaka 1952: ulikuwa Kigiriki. Jedwali lake si geni kwetu. Ni lile la darasa la kwanza, ba, be, bi, bo, bu: mstari mmoja konsonanti moja, safu moja irabu moja.

Tukiziazima sauti hizo, neno la jumla linasomeka *ku-ro*. Uazimaji huu una msingi, kwa sababu vibao vya Lineari A vina neno *pa-i-to*, linalokaribiana na jina la Phaistos, mji ulio jirani kabisa na Hagia Triada.

Sasa tahadhari. Sisi kuro tunamjua, ni mnyama wa porini. Na kwenye kibao hikihiki, neno lenye namba 3 ni *te-ke*! Ukiwa na haraka utatangaza kwamba Wakrete walisema Kiswahili. Maneno mafupi ya silabi wazi hugongana na lugha yoyote utakayoitaka. Kinachothibitisha ni hesabu ya 66, mlio hauthibitishi kitu.

Hatua ya 4: Tazama neno linapobadilika. Mgeni asiyejua Kiswahili akikuta mtoto, watoto, kitoto, utoto, atagundua kwamba "toto" imetulia na mbele ndiko kunakobadilika. Kwenye vyombo vya ibada vya Krete kuna *a-sa-sa-ra-me* na pia *ja-sa-sa-ra-me*. Andika jozi kama hizi kwenye daftari lako, bila kuzipa maana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Kompyuta za siku hizi zinashindwaje?*

Marahaba. Kompyuta inahitaji maandishi mengi. Lineari A yote ni kama maandishi 1,400, na mengi ni mafupi mno, majina na namba. Tena Ventris alikuta Kigiriki kikimsubiri upande wa pili. Hapa hatujapata lugha ndugu ya kulinganisha nayo.

*Na ile Diski ya Phaistos? Mtandaoni kila mwezi kuna aliyeisoma.*

Dada, diski ile ya udongo iliyopatikana Krete 1908 iko peke yake: aina 45 za alama, zilizogongwa kwa mihuri. Ukipendekeza usomaji, utaujaribia wapi? Ndiyo maana mimi siufundishi usomaji wake wowote.

*Afrika tunayo mifano?*

Tunayo Kimeroe, lugha ya kale ya Sudani yenye mwandiko wake. Herufi zake 23 alizitambua mtaalamu Mwingereza, Griffith, takriban 1911, hivyo kinasomeka kwa sauti, ila lugha yenyewe bado tunaielewa kidogo. Tunajua *qore* ni mfalme na *kandake* ni cheo cha malkia. Kitakuwa na somo lake.

*Mwalimu, ile alama ya mtu kwenye HT 85, ina maana waliohesabiwa ni watu?*

Ndivyo inavyoelekea, watu 66 katika mafungu saba. Kibao kilikuwa cha udongo uliokaushwa tu, cha kutumika kwa muda. Jengo likaungua, moto ukakichoma kikawa kigumu kama chungu, na hesabu ya watu wale ikabaki.