Umebadilishiwa kipandikizi cha uume: namna ya kujiuguza ukisharudi nyumbani

Karatasi ya maelekezo wanayokupa siku ya kuruhusiwa mara nyingi imeandikwa kwa ajili ya mtu anayewekewa kipandikizi, yaani kifaa cha pampu na maji kinachowekwa ndani ya mwili ili uume uweze kusimama, kwa mara ya kwanza. Wewe ni wa mara ya pili. Ndani una makovu ya upasuaji uliopita, ngozi imeshachanwa na kufungwa, na hatari ya kuingiwa na wadudu ni kubwa kuliko mwanzo. Ukiona umevimba zaidi, au maumivu yanachelewa kuisha, usijipime kwa kidonda cha kwanza.

Mimi ni fundi magari hapa Tanga, na kisukari ninacho miaka mingi. Kipandikizi cha kwanza niliwekewa Chennai, India, kikapata maambukizi. Nikarudi hukohuko, kikatolewa, pakaoshwa, kikawekwa kingine. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyejiuguzia nyumbani kwenye joto la pwani, mwenye choo cha kuchuchumaa na majirani wanaopiga hodi kila jioni. Daktari wako akikwambia tofauti na mimi, mfuate yeye.

Kabla hujatoka hospitali

Jua hasa umefanyiwa nini. Kuna anayebadilishiwa kwa sababu kifaa kimechoka tu: maji yamevuja au mrija umekatika. Hilo ni la kawaida, vifaa hivi havidumu milele. Wengi hufikisha miaka 10 hadi 15. Kuna aliyepata maambukizi, akasafishwa na kuwekewa kipya kwenye upasuaji uleule. Na kuna aliyetolewa akaambiwa asubiri miezi, au akawekewa kwanza vijiti vya kupinda ili nafasi ya ndani isizibe. Uume ukiachwa mtupu muda mrefu, makovu hujaa ndani na urefu hupungua. Siku za dawa na siku ya kuanza kutumia pampu hutegemea uko kundi gani.

Uliza pia kama tangi la maji la kifaa cha zamani wameliacha ndani. Pale ambapo hakuna maambukizi, daktari anaweza kulikausha na kuliacha palepale akaweka jingine upande wa pili. Si kosa, lakini inabidi liandikwe, maana siku ukipigwa picha ya tumbo mtu atashangaa kuona matangi mawili.

Kwa asiyejua, kifaa chenyewe kina sehemu tatu: mirija miwili ndani ya uume, pampu ndani ya mfuko wa korodani, na tangi dogo la maji ya chumvi chini ya tumbo karibu na kibofu. Aliyewahi kutoa hewa kwenye breki za gari ataelewa kwa dakika moja, kwa sababu ni maji yaleyale yanahama kutoka huku kwenda kule, hayatoki nje. Dk. Brantley Scott wa Houston, Marekani, ndiye aliyeleta cha namna hii mwaka 1973.

Usiharakie ndege. Mrija wa mkojo kwa kawaida hutolewa siku inayofuata, na ule wa kutoa damu kidondani baadaye kidogo, lakini baki karibu na daktari mpaka akikague kidonda na kukuruhusu kusafiri. Ndani ya ndege simama utembee, damu isigande miguuni. Basi la Dar kwenda Tanga mimi liliniumiza kuliko ndege. Kalia mto laini na uombe kiti cha mbele.

Siku za mwanzo

Mfuko wa korodani utavimba na utageuka rangi: zambarau, kisha kijani, kisha njano. Damu iliyovilia hushuka chini, kwa hiyo hata mapaja yanaweza kubadilika. Wengine huachiwa kifaa kimejaa nusu ili kuzuia damu kuvuja ndani, basi usishtuke ukijikuta umesimama nusu. Kitashushwa ukirudi kliniki. Kisichokuwa cha kawaida ni uvimbe unaokua kwa kasi, mgumu, ngozi ikivutika mpaka inang'aa. Huo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Barafu inasaidia sana. Ponda, itie kwenye mfuko wa nailoni, uzungushie taulo, weka kama dakika 20 kisha toa. Isiguse ngozi moja kwa moja, hasa kama una kisukari, kwa sababu ganzi inaweza kukufanya uungue na baridi usijue.

Uume ulazwe kuelekea kitovuni, usining'inie chini, kwa wiki kadhaa kama daktari alivyokupangia. Ukipona ukiwa umeinamia chini utabaki na mkao huo. Hapa ndipo sisi wa pwani tunapojidanganya na msuli. Msuli ni mzuri kwa joto, lakini ndani yake vaa chupi ya kubana yenye kushika vizuri, mpya, ya pamba, na ubadilishe kila inapoloa jasho. Nilikuwa na rundo zima, na mama watoto alizipiga pasi moja moja.

Kidonda kiwe kikavu. Jioga kwa kitambaa mpaka uruhusiwe maji. Usipake chochote ambacho hukuandikiwa. Rafiki zako watakuletea ushauri: supu ya pweza, vumbi la Kongo, mafuta ya kuchua. Supu kunywa, haina ugomvi na mtu. Hayo mengine yaishie mlangoni.

Choo cha kuchuchumaa kilinipa tabu. Dawa kali za maumivu hufunga tumbo, na kujikamua kunapandisha presha palepale lilipo tangi. Nilinunua kiti cha plastiki, nikakikata tundu katikati, nikakisimamisha juu ya choo. Kula papai, mboga za majani, kunywa maji. Daktari akikuandikia dawa ya kulainisha choo, imeze. Na swala nilisali kwenye kiti. Mambo ya udhu na bandeji muulize shekhe wako, yana nafuu yake.

Sukari ndiyo inayoamua

Kama una kisukari, hakuna kitu kwenye ukurasa huu kinachozidi hiki. Sukari ikiwa juu kidonda hakifungi na wadudu wanashiba. Pima asubuhi kabla ya kula, andika, na ukiona inapanda piga simu usisubiri kliniki. Chai ya wageni kila jioni inakuja na maandazi. Mimi niliomba kahawa chungu na watu wakazoea. Sigara nayo iache, hubana mishipa midogo inayolisha kidonda.

Maumivu kwa mwenye kisukari huweza kuchukua wiki nyingi zaidi. Diklofenaki ya duka la pembeni usiimeze kwa mazoea, figo zako zinaweza kuwa tayari zimechoka. Muulize daktari ipi inakufaa.

Kuijua pampu yako

Daktari akisharuhusu, kwa wengi ni baada ya wiki moja au mbili, anza kazi ya kuishusha pampu. Makovu yanapojijenga huivuta kwenda juu, na ikigandia juu hutaifikia vizuri siku ya kuitumia.

Kaa kwenye kigoda bafuni, jimwagie maji ya uvuguvugu mpaka mfuko ulegee. Sogeza korodani pembeni taratibu. Katikati, au upande mmoja, utagusa kitu kigumu kidogo chenye kona, nacho kina vijirija vinavyoelekea juu. Hiyo ndiyo pampu. Ishike kupitia ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, ivute chini polepole mpaka uhisi ngozi imevutika, shikilia kidogo, achia. Usibonyeze. Rudia kila siku.

Faida ya pili ya zoezi hili ndiyo kubwa kwangu. Mkono wako unajifunza pampu ikiwa nzima inakaaje: inateleza chini ya ngozi, haijashikamana. Siku ngozi ikigandia kwenye pampu, ukiivuta ngozi na pampu vinakwenda pamoja, hiyo ni dalili ya maambukizi hata kama huna homa. Kipandikizi changu cha kwanza kilijitangaza hivyohivyo. Homa haikuja kabisa.

Kujaza na kushusha huanza kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 6, na mara ya kwanza ifanyike mbele ya daktari au muuguzi anayekijua kifaa hicho. Pampu itakuwa ngumu na itauma. Baada ya hapo ni kila siku: jaza mpaka pale mwili unapovumilia, acha kama dakika 10, bonyeza kitufe cha kushushia huku ukiuminya uume polepole maji yarudi. Mitindo ya kitufe hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Cha pili changu hakikufanana na cha kwanza. Waliopungua urefu kwa sababu ya makovu wanaweza kupata nafuu kwa mazoezi haya ya miezi, ila usitegemee kurudi ulivyokuwa ujanani.

Dalili za kukimbilia hospitali

Homa ya nyuzi 38 au zaidi. Usaha. Wekundu unaotambaa. Ngozi inayokuwa nyembamba mpaka unaona umbo la pampu au mrija. Kushindwa kukojoa. Na maumivu yaliyokuwa yanapungua yakaanza kupanda upya, hata ikiwa imepita miezi.

Usiende duka la dawa kununua amoksilini. Bakteria wakishajishika kwenye kifaa hujenga utando juu yake, na dawa inazunguka kwenye damu bila kuwafikia. Vidonge vitakutuliza siku chache ukadhani umepona, huku ndani mambo yanaharibika. Wahi mapema, maana mapema ndipo bado pana nafasi ya kuosha na kuweka kingine.

Watu, kazi, na mama watoto

Majirani waambie umepasuliwa ngiri. Tanga hii, mtu akitembea amepanua miguu hakuna anayeuliza zaidi, busha na ngiri wanazijua wote. Lakini mkeo hapaswi kupewa hadithi ya ngiri. Yeye ndiye atakayeona chupi yenye usaha kabla yako, na yeye ndiye atakayesubiri.

Kunyanyua vitu vizito acha kwa wiki 4 hadi 6. Gereji nilikaa kwenye kigoda nikiwaelekeza vijana, na nilikuwa msumbufu kweli, waulize. Bodaboda na baiskeli usizipande mpaka uambiwe. Bajaji, sawa, ila mwambie dereva akwepe mashimo.

Tendo la ndoa lisianze kabla ya wiki 6, na baada ya maambukizi linaweza kusogezwa mbele. Tumieni kilainishi cha kutosha, anzeni polepole. Hisia na kufika kileleni kifaa hakiviondoi. Kichwa cha uume kinaweza kubaki laini kidogo hata ukiwa umejaza. Kifaa hakifiki pale. Mama watoto alicheka mara ya kwanza, nami nikacheka, tukaendelea.

Mwisho ni kadi. Hospitali inayokuwekea hutoa kadi yenye aina na namba ya kifaa. Siku moja nililazwa hapa nyumbani kwa shida nyingine kabisa, muuguzi akaja na katheta, ule mrija wa mkojo, mkononi.

"Dada, subiri kwanza. Huko ndani nina pampu."

"Pampu ya nini tena, baba?"

Nikampa kadi, akamwita daktari. Kifaa lazima kiwe kimeshushwa kabla mrija wa mkojo haujapita, na ukipasuliwa ngiri ya kweli au kitu kingine chini ya tumbo, daktari mpasuaji lazima ajue tangi liko upande gani asilitoboe. Picha za MRI vifaa vingi vya siku hizi huziruhusu, ila watataka kuona jina la kifaa kwanza. Kadi yangu inakaa nyuma ya kitambulisho cha taifa, na mama watoto ana picha yake kwenye simu.