Kanisa likikutuma Thailand kufundisha Kiingereza

Kama unatoka hapa Nairobi kwenda kujitolea, anza na kadi ya homa ya manjano, chanjwa angalau siku 10 kabla ya safari, usipokuwa nayo unaweza kukwama ukifika. Na usikubali kuambiwa viza ya utalii inatosha juu hulipwi, kule hata kujitolea kunahesabiwa kazi na kunataka kibali, so sumbua wenyeji wako wakutumie barua mapema.

Ukishuka Bangkok saa zao ziko mbele yetu kwa 4, badilisha pesa kidogo upate baht, nunua laini, pigia mamako.

Sasa hii shika vizuri, wengi kule ni Wabudha na kichwa kwao ni kitu cha heshima sana, hivyo vile sisi humpapasa mtoto kichwani tukimsifu, tafadhali usifanye. Viatu vua mlangoni.

Darasani, Kithai hakibadilishi jina la kitu kikiwa kingi, kwa hivyo mtoto akisahau ile "s" usimkaripie, weka penseli mezani mhesabu pamoja. Na usigeuze somo kuwa mahubiri, wazazi wameleta watoto wasome Kiingereza, mtu akikuuliza mwenyewe kuhusu imani yako, mketi baada ya kipindi umweleze.