Namna ya Kuongoza Msafara Mdogo Kwenda Michezo ya Olimpiki

Anayeteuliwa kuwa mkuu wa msafara wa nchi yenye wanamichezo wanne au watano huvutwa kwanza kuiga nchi kubwa kwa kipimo kidogo: kocha mkuu, msemaji, kamati ya mapokezi na sare za kila aina. Kuiga huko ni kosa. Msafara mkubwa una idara nzima za watu, ilhali wenu una viongozi watatu ambao kila mmoja atakuwa mhasibu asubuhi, mkalimani mchana na mbeba mizigo usiku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi lazima iishe mezani, miezi mingi kabla ya safari.

Anzeni na nafasi za ushiriki. Wachache wenu watafikia viwango vya kufuzu, na waliosalia wataingia kwa nafasi za mwaliko zinazotengwa ili nchi ndogo nazo ziwepo. Riadha na kuogelea zina utaratibu wake, na michezo mingine kadhaa hupokea maombi kutoka Kamati za Olimpiki za Taifa ambazo hupeleka wanamichezo wachache. Watu wengi hudhani kwamba nafasi hizo hutolewa tu kama sadaka, lakini zina masharti, na masharti yenyewe huanza kufanya kazi mapema sana. Kwa Michezo ya Paris 2024, mwogeleaji wa nafasi ya mwaliko alitakiwa awe ameshiriki Mashindano ya Dunia ya Fukuoka mwaka 2023 au ya Doha mwaka 2024. Chama ambacho hakikupata nauli ya kwenda mojawapo ya miji hiyo kilikuwa kimeikosa Paris kabla hata tiketi zake hazijaulizwa bei. Someni kanuni za kila mchezo zinapotoka tu, mziandikie kalenda, na kalenda hiyo ibandikwe mahali ambapo mweka hazina ataiona kila siku.

Kupata nafasi hakutoshi ikiwa mwanamichezo hajaandaliwa kwa mahali anapokwenda. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta alijifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya Michezo ya Sydney, katika bwawa la hoteli mjini Malabo ambalo halikufikia hata nusu ya urefu wa bwawa la mashindano. Tarehe 19 Septemba 2000 alipanda jukwaani kwa mchujo wa mita 100 pamoja na waogeleaji wawili tu. Hao wawili walijirusha majini kabla ya ishara, wakaondolewa, naye akabaki peke yake mbele ya maelfu ya watazamaji. Mita hamsini za kwanza alikwenda vizuri. Aliporudi, mikono ilikuwa mizito, miguu ikazama, na uwanja mzima ukasimama kumshangilia hadi alipoushika ukuta kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Dunia ilimpenda, na baadaye alikuja kuwa kocha wa timu ya taifa lake. Hata hivyo, mkuu wa msafara anayeisoma habari hiyo asiishie kwenye tabasamu. Mtafutieni mwanamichezo wenu wiki mbili katika bwawa la mita 50, hata kama mtalazimika kuiomba nchi jirani, kwa maana kuingia majini bila maandalizi kunaweza kumpotezea mtu uhai.

Fedha zikiwa chache, msizigawe sawasawa kwa vyama vyote vya michezo ili kuepuka lawama; wachache walioandaliwa vizuri wanaweza kufika mbali. San Marino, nchi ndogo ya Ulaya yenye wakazi wapatao 34,000, ilipeleka wanamichezo watano Tokyo mwaka 2021 ikarudi na medali tatu, za kwanza katika historia yake: Alessandra Perilli alipata shaba katika kulenga shabaha zinazorushwa, akaongeza fedha pamoja na Gian Marco Berti katika timu mseto, na Myles Amine akapata shaba ya mieleka. Amine alizaliwa na kukulia Marekani, uraia wa San Marino akiupata kupitia ukoo wa mama yake. Kwa hiyo tafuteni pia wana wenu walio ughaibuni, lakini mkumbuke kwamba aliyekwisha kuiwakilisha nchi nyingine hutakiwa, kwa kawaida, kusubiri miaka mitatu tangu alipoiwakilisha mara ya mwisho, na shirikisho la mchezo wake linaweza kuwa na masharti yake zaidi.

Ugawaji wa nafasi ndani ya timu nao unahitaji busara. Burundi iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, mjini Atlanta mwaka 1996, Vénuste Niyongabo alikuwa akitarajiwa kutamba katika mita 1,500. Nafasi hiyo alimwachia Dieudonné Kwizera, mkimbiaji mkongwe ambaye miaka ya nyuma alikosa Olimpiki kwa sababu tu nchi yao haikuwa na Kamati ya Olimpiki, na Niyongabo mwenyewe akahamia mita 5,000, mbio ambazo hakuwa na uzoefu nazo. Tarehe 3 Agosti alimshinda Mkenya Paul Bitok kwa dakika 13 na sekunde 07.96, akaipatia Burundi dhahabu. Simshauri mtu kuitegemea bahati ya namna hiyo, ila mazungumzo kama yale yafanyike nyumbani, mapema, mwanamichezo mwenyewe akishirikishwa, wala yasingoje usiku wa kuamkia mashindano.

Kisha karatasi. Kusanyeni pasipoti za kila mtu anayeweza kuteuliwa, hata wa akiba, mhakikishe kwamba majina yanaandikwa kwa herufi zilezile katika pasipoti, katika usajili wa shirikisho na katika fomu za waandaaji; herufi moja ikitofautiana, kitambulisho cha kuingilia Michezoni hukwama. Orodha ya awali ya majina hupelekwa miezi mingi kabla, na usajili wa mwisho hufungwa wiki chache tu kabla ya ufunguzi: kwa Paris ulifungwa tarehe 8 Julai, ilhali Michezo ilifunguliwa tarehe 26. Mwanamichezo aliye katika orodha ya kupimwa dawa zilizokatazwa huenda akatakiwa kutaja, kwa kila siku, kipindi cha dakika sitini atakachopatikana na mahali atakapokuwa, na akikosekana mara tatu katika miezi kumi na miwili anaweza kufungiwa. Kijana anayelala leo kwa mjomba na kesho kwa shangazi asiachiwe kazi hiyo peke yake. Mpeni mtu wa kumkumbusha kwa simu.

Idadi ya viongozi hutegemea idadi ya wanamichezo, kwa hiyo kila kitambulisho kinachopewa mheshimiwa anayetaka kutembea ni kocha mmoja aliyebaki nyumbani. Sijui njia ya upole ya kumweleza waziri jambo hilo, ila lielezeni kwa barua, kanuni ikiwa imeambatishwa.

Bendera na wimbo wa taifa ni vitu ambavyo viongozi wengi huvipitisha kwa saini tu. Waandaaji wakiwaletea mchoro wa bendera, upimeni rangi na upande wa juu. Wakiwaletea wimbo, usikilizeni mpaka mwisho. Tarehe 28 Julai 2024, timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Sudan Kusini ilisimama kwa mchezo wake wa kwanza kabisa wa Olimpiki, dhidi ya Puerto Rico, na ukapigwa wimbo wa Sudan, nchi waliyojitenga nayo mwaka 2011. Wachezaji walibaki wamesimama, ukasitishwa, watazamaji wakawapigia makofi mpaka wimbo sahihi ulipopatikana. Walishinda 90 kwa 79. Siku ya mashindano, mmoja wenu awe na nakala sahihi katika simu yake na namba ya afisa wa uwanja husika.

Katika Kijiji cha Olimpiki, yaani makazi ya wanamichezo, msimruhusu anayeshindana kesho yake kusimama saa nyingi katika gwaride la ufunguzi, hata akiwa yeye ndiye anayetamani kubeba bendera. Tangu Tokyo nchi zinaweza kuwa na wabebaji wawili, mwanamke na mwanamume, hivyo mna nafasi ya kuchagua. Wakimbiaji wa mita 100 walioingia kwa mwaliko huanza na raundi ya awali, mara nyingi asubuhi, na wakitolewa hapo safari yao imekwisha kwa sekunde kumi na kitu. Nendeni na mkimbiaji wenu siku iliyotangulia mashindano mkiitembea njia yote, kutoka chumbani hadi kituo cha basi, uwanja wa kupashia moto misuli na chumba cha kuitia majina, mkihesabu dakika kwa saa ya mkononi.

Mkirudi, stakabadhi zipelekwe kwa mweka hazina ndani ya wiki moja, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Nakala za fomu, kanuni, kalenda na namba za simu zitiwe katika faili moja, likabidhiwe kwa maandishi kwa mkuu wa msafara ujao, hata kama bado hajateuliwa na faili itabidi litunzwe na katibu.