Mwanao Akikutana na Video za Ngono: Cha Kusema, Cha Kufunga na Cha Kufuatilia

Uchunguzi wa shirika la Common Sense Media uliofanywa Marekani mwaka 2022 kwa vijana wa miaka 13 hadi 17 ulikuta asilimia 73 wamekwisha kutazama ponografia, na kwa wastani mara ya kwanza walikuwa na miaka 12. Zaidi ya nusu walisema wamewahi kukutana nayo bila kuitafuta. Mzazi anayesubiri mtoto afike miaka 16 ndipo azungumze, amechelewa.

Ukigundua leo, usifoke wala usivunje simu. Mtoto aliyeaibishwa haachi kutazama; anaacha kukuambia. Tulia kwanza, kisha siku hiyohiyo kaeni wawili tu na umwambie: "Najua umeona video za watu wazima. Sikuchukii, na hujaharibika. Nataka tuzungumze." Muulize aliionaje, nani alimwonyesha, na alijisikiaje. Swali la pili ndilo zito. Iwapo ni mtu mzima aliyemwonyesha, huo ni ukatili wa kingono: ripoti polisi au kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto kabla ya kumkabili mtu huyo, maana akishtuka ataufuta ushahidi. Na kama aliye kwenye picha ni mtoto, usiitume kwa yeyote, hata kwa nia njema. Wapelekee polisi au wahudumu hao simu yenyewe.

Maelezo yafuate umri. Wa miaka 6 hadi 9 anatosheka na kanuni moja: ukiona watu wasio na nguo kwenye simu, iweke chini uje uniambie, hutagombezwa. Wa miaka 10 hadi 13 aelezwe kwamba ile ni kazi ya kuigiza yenye kamera, malipo na uhariri, na haifundishi mapenzi kama vile filamu ya kufukuzana kwa magari isivyofundisha udereva. Kuanzia miaka 14, taja wazi visivyoonekana humo: kuombana ridhaa, kukataa na kukataliwa, kondomu, mimba, magonjwa, na miili ya kawaida. Kuyanyamazia haya kuna madhara, kwa sababu kijana asiye na mwalimu mwingine huchukua anachokiona kuwa ndicho kinachotarajiwa kwake na kwa mwenzake.

Usimtishe kwamba ubongo wake umeoza. Sema la kweli: sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia msukumo, huendelea kukomaa hadi miaka ya katikati ya ishirini, ilhali hamu ya raha na mambo mapya huchangamka mapema, tangu balehe. Ndiyo maana kujizuia peke yake ni kugumu, na msaada wa kufunga milango si adhabu.

Kwenye Android 9 na kuendelea, fungua mipangilio ya mtandao, tafuta DNS ya faragha (Private DNS; DNS ni huduma inayotafuta anwani ya tovuti kwa jina lake), andika family.cloudflare-dns.com, kichujio cha kampuni ya Cloudflare kinachozuia tovuti za ngono. Kwenye ruta ya nyumbani (kifaa kinachogawa Wi-Fi), mahali pa DNS weka namba za kichujio hichohicho, 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Kwenye iPhone, tumia vizuizi vya maudhui ndani ya Muda wa Skrini (Screen Time), na nywila aijue mzazi pekee. Kisha jaribu mwenyewe kama vinafanya kazi. Kichujio cha DNS huzuia majina ya tovuti tu, hivyo video inayotumwa kwenye kundi la WhatsApp au Telegram itapita, na VPN, programu inayopitisha mtandao njia nyingine iliyofichwa, huweza kukiruka kabisa. Kwa hiyo zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video, na simu zote, yako pia, zilale nje ya vyumba usiku.

Fuatilia baada ya wiki moja, kisha kila mwezi, kwa maneno machache tu. Angalia usingizi, masomo, marafiki na michezo aliyoipenda. Orodha ya magonjwa ya ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani ina ugonjwa wa tabia ya ngono isiyodhibitika, lakini kigezo chake ni kushindwa kujizuia kwa muda mrefu, kwa kawaida miezi 6 au zaidi, na maisha kuvurugika. Majuto ya kidini au aibu pekee hayatoshi kumwita kijana mraibu. Akiwa amejaribu kuacha mara kadhaa akashindwa, au anatazama ili kukimbia huzuni, mpeleke kwa mwanasaikolojia aliyezoea vijana, na umruhusu aingie peke yake.