Jinsi ya Kupima Ugumu wa Shafti ya Gofu: Kutoka Herufi Hadi Namba

Tazama shafti ya fimbo yoyote ya gofu, yaani ule mpini mrefu unaounganisha mshiko na kichwa: chini kidogo ya mshiko utakuta herufi ya ugumu: L, A, R, S au X. L ni laini kuliko zote, X ni ngumu kuliko zote. Wachezaji wengi huchagua kwa herufi hiyo tu. Mimi ni fundi wa fimbo, na ushauri wangu wa kwanza kwa kila mchezaji ni huu: usinunue shafti kwa kutegemea herufi peke yake. Hakuna kiwango cha pamoja kinachovibana viwanda. Kila kiwanda hujiamulia R yake iishie wapi na S yake ianzie wapi, hivyo R ya kiwanda kimoja yaweza kuwa ngumu kuliko S ya kingine. Hata ndani ya kiwanda kimoja, S ya gramu 50 na S ya gramu 70 kwa kawaida hazilingani.

Namba inasaidia zaidi, ilimradi ujue imepatikanaje. Shafti ilibanwa wapi? Ilikuwa na urefu gani? Ilibeba uzito gani? Ukiambiwa "shafti hii ni 255", yaani hutikisika mara 255 kwa dakika, bila majibu hayo, hujaambiwa kitu. Hatua zilizo hapa chini unaweza kuzifuata kwa jiliwa, mizani ya jikoni, futikamba, rula na simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole.

Kwanza, elewa unachopima

Shafti ni bomba. Ugumu wake wa kupinda hutokana na mambo mawili: nyenzo, yaani chuma au nyuzi za kaboni, na umbo, yaani upana wa bomba na unene wa ukuta wake. Upana ndio wenye nguvu kubwa. Katika bomba lenye ukuta mwembamba, ukiongeza unene wa ukuta mara 2, ugumu huongezeka karibu mara 2. Ukiongeza upana mara 2 bila kugusa ukuta, ugumu huongezeka karibu mara 8. Shafti ya draiva, fimbo ndefu ya kupigia mpira mbali, kwa kawaida ina upana wa milimita 15.2 upande wa shina, yaani unaposhika, na 8.5 kwenye ncha inayoingia kichwani. Kama ukuta na nyenzo vingebaki vilevile toka mwanzo hadi mwisho, shina lingekuwa gumu kuliko ncha kwa karibu mara 6. Kiwanda hucheza na unene wa ukuta na mpangilio wa nyuzi ili kuirekebisha tofauti hiyo kipande kwa kipande.

Kwa hiyo shafti haina ugumu mmoja. Ina ugumu wa shina, wa katikati na wa ncha. Shika jambo hili, maana ndilo litakalotusumbua mbele.

Hatua ya 1: Pima urefu na uzito, uandike

Shafti mbichi ya draiva huwa na urefu wa inchi 46, sawa na sentimita 116.8. Pima yako kwa milimita, ipime kwenye mizani, andika vyote viwili. Usilinganishe shafti mbichi na iliyokwisha kukatwa. Ugumu unaouona kwenye kipimo hubadilika upesi sana urefu ukibadilika, na hapo ndipo ulinganisho mwingi huharibika.

Hatua ya 2: Banisha shina

Mafundi wengi hubana inchi 5 za shina, yaani sentimita 12.7. Chukua vipande viwili vya mbao ngumu vyenye urefu huo, chonga mfereji kwenye kila kimoja, tandika ngozi nyembamba ndani, kisha uweke shafti katikati na kukaza jiliwa. Shafti ya kaboni usiibane kwa meno ya chuma moja kwa moja. Nyuzi hupasuka kwa ndani, na nje usione chochote.

Jiliwa lenyewe lazima lifungwe kwenye meza nzito isiyotikisika. Meza ikiyumba, sehemu ya mtikisiko unaoupima ni wa meza. Vilevile, kama fimbo ina mshiko wa mpira na umebana juu yake, namba itashuka kwa sababu mpira unabonyea. Si kosa kupima hivyo, bali usiilinganishe namba hiyo na ya shafti tupu.

Hatua ya 3: Funga uzito kwenye ncha

Uzito uliozoeleka ni gramu 205, unaokaribia kichwa cha draiva. Unaweza kuutengeneza kwa nati na boliti zilizofungwa pamoja kwa nguvu. Hakikisha haulegei na kwamba katikati ya uzito iko kwenye ncha hasa. Uzito unaocheza hunyonya mtikisiko, na ncha huacha kwenda sawa.

Ukipenda kupima fimbo nzima yenye kichwa chake, fanya hivyo, lakini andika uzito wa kichwa na ukiweke kikitazama upande uleule kila mara.

Hatua ya 4: Tikisa na uhesabu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya karakana: mitikisiko kwa dakika, ambayo duniani kote huandikwa CPM. Mtikisiko mmoja ni ncha kushuka, kupanda, na kurudi ilipoanzia ikielekea upande uleule. Wenye mashine huipata namba papo hapo kwenye kioo. Asiye na mashine atumie simu.

Weka karatasi nyeupe nyuma ya ncha na uchore mstari mlalo mahali ncha inapotulia. Elekeza simu kutoka ubavuni, iwe imesimama kwenye kitu imara, urekodi kwa fremu 240 kwa sekunde. Vuta ncha chini sentimita 4 au 5, uiachie taratibu bila kuisukuma. Kisha fungua video kwenye programu inayosogea fremu moja moja. Anza kuhesabu ncha inapokatiza mstari ikishuka, wala usianzie ikiwa juu kabisa. Kwenye mstari ncha inakimbia, hivyo fremu ya kukatiza huonekana wazi. Kileleni inakaribia kusimama na fremu kadhaa hufanana. Hesabu fremu za mitikisiko 10.

Hesabu yake ni rahisi: gawa 144,000 kwa idadi ya fremu. Ukipata fremu 576, shafti yako ni 250 CPM. Ukikosea fremu moja, jibu linasogea kwa chini ya nusu ya mtikisiko, usahihi unaotosha kabisa kwa kazi yetu. Hakikisha tu simu yako inarekodi fremu 240 kweli: rekodi saa ya kidijitali inayoonyesha sehemu za sekunde, uone kama fremu zinalingana.

Wakati ncha inatikisika, itazame pia kutoka mbele. Inapaswa kwenda juu na chini kwenye mstari mmoja. Ikianza kuchora yai, legeza jiliwa, zungusha shafti kidogo, ujaribu tena mpaka inyooke. Kanuni za vifaa za R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za gofu, zinataka shafti ipinde sawa kwa upande wowote itakaozungushiwa, na isokoteke sawa kulia na kushoto. Shafti za sasa ziko karibu sana na hali hiyo, lakini ikiwa tofauti ya pande mbili inazidi mitikisiko michache, andika alama ya upande mgumu kabla ya kuunganisha.

Hatua ya 5: Soma namba kwa masharti yake

Kwa draiva ya inchi 45 iliyobanwa inchi 5, shafti nyingi zinazoitwa S huangukia kati ya 250 na 260, na kila herufi hupishana na jirani yake kwa takriban 10. Ichukue hiyo kama kipimo cha macho, usiifanye sheria.

Kumi inaonekana ndogo, lakini mtikisiko hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Kutoka 250 hadi 260 namba imepanda kwa 4%, ilhali ugumu umepanda kwa zaidi ya 8%. Mchezaji mwenye mkono mwepesi huisikia tofauti hiyo.

Sasa tazama mambo mengine yanavyoisogeza namba ileile. Kama sehemu iliyo nje ya jiliwa ni sentimita 100, sentimita 1 tu ya kubana vibaya hubadilisha karibu mitikisiko 4. Shafti mbichi iliyotoka nje sentimita 104 itasoma karibu 14 chini ya ileile ikikatwa upande wa shina ibaki na 100. Gramu 5 za ziada kwenye ncha hushusha karibu 3. Ukiyajumlisha, utaona jinsi mtu anavyoweza "kupata" S kutoka kwenye R bila shafti kubadilika hata kidogo.

Hatua ya 6: Hakikisha kwa kuning'iniza

Hiki ni kipimo cha zamani na hakihitaji umeme. Shafti ikiwa imebanwa vilevile, weka alama ncha ilipo, ning'iniza kilo 1, upime imeshuka kiasi gani. Shafti ya 250 iliyotoka nje sentimita 100 hushuka takriban sentimita 6.5, ya 260 hushuka kama 6.0. Rula ya milimita inatosha. Kama vipimo viwili vinapingana, mara nyingi shida ni jiliwa.

Hatua ya 7: Tafuta ncha ilipojificha

Hapa ndipo penye utamu. Vipimo vyote viwili vya juu husikiliza zaidi shina. Chukua bomba lenye ugumu uleule mwanzo hadi mwisho, libane upande mmoja na uning'inize uzito upande mwingine: nusu iliyo karibu na jiliwa huchangia 87.5% ya kushuka kwa ncha. Shafti halisi ina ncha laini, kwa hiyo mgawo si huohuo, lakini shina bado ndilo linalotawala. Ndiyo maana shafti mbili za 252 zinaweza kupiga mpira kwa namna mbili tofauti.

Dawa yake ni kuisogeza shafti ndani ya jiliwa. Pima kwanza ikiwa nje sentimita 100, kisha 80, kisha 60, kisha 45, ukitumia uzito uleule wa gramu 205. Kadiri unavyofupisha, mitikisiko inakuwa ya kasi, basi hesabu 20 badala ya 10, na kanuni iwe 288,000 gawanya kwa fremu. Andika namba hizo nne kwa kila shafti, zipange kwenye safu moja. Shafti mbili zinazolingana kwenye 100 lakini zikaachana kwenye 45 zina mashina yanayofanana na ncha tofauti. Yenye namba kubwa kwenye 45 ina ncha ngumu, nayo kwa kawaida hutoa mpira chini zaidi. Maabara hupima ugumu huu kwa kuegemeza shafti kwenye nguzo mbili na kusukuma katikati yake, sehemu baada ya sehemu. Njia ya jiliwa haifikii ubora huo, ila inakuonyesha picha ileile kwa umbo.

Usisahau msokoto, ambao ni kitu kingine kabisa. Viwanda huutaja kwa nyuzi za pembe: ni kiasi gani ncha inazunguka ikisokotwa kwa nguvu sawa na gramu 454 zinazoning'inia mwisho wa mkono wa sentimita 30.5. Shafti nyingi za kaboni za draiva ziko kati ya nyuzi 2.5 na 6. Shafti laini yaweza kuwa na msokoto mdogo, na ngumu ikawa na mkubwa, hivyo usikisie kimoja kwa kutazama kingine.

Hatua ya 8: Linganisha na swingi yako, yaani unavyozungusha fimbo

Mwongozo wa kawaida hutumia kasi ya kichwa cha draiva: chini ya kilomita 120 kwa saa L, 120 hadi 137 A, 137 hadi 153 R, 153 hadi 169 S, na juu ya hapo X. Anza hapo, kisha tazama unavyogeuza fimbo kule juu. Anayeivuta chini kwa ghafla huipinda shafti kuliko mwenye mwendo wa taratibu, hata kama wanafika kwenye mpira kwa kasi moja. Huyo wa ghafla mimi humwanzishia namba ya juu kidogo.

Usitarajie shafti laini ikurushie kichwa kama upinde unavyorusha mshale. Kinachotokea karibu na mpira ni kwamba uzito wa kichwa hauko kwenye mstari wa shafti, hivyo mvuto wa mzunguko huipinda shafti kuelekea mbele na kuuinua kidogo uso wa fimbo. Ulaini wa ncha hugusa zaidi kimo cha mpira, mwelekeo wake na jinsi unavyokihisi kichwa mikononi. Chagua kwa hayo.

Hatua ya 9: Kagua seti ya fimbo za chuma

Hizi ni zile fimbo fupi zenye vichwa vya chuma, hata kama shafti zake ni za kaboni. Pima kila fimbo ikiwa na kichwa chake. Fimbo zinapofupika kwa nusu inchi kila moja, namba inapaswa kupanda kwa takriban 4 kila hatua. Chora urefu upande mmoja wa karatasi na CPM upande mwingine, uunganishe nukta. Nukta iliyo mbali na mstari kwa zaidi ya 4 ipime upya ukiwa umeibana kwa uangalifu. Ikibaki palepale, pima urefu wake, kisha uzito wa kichwa. Vyote vikiwa sawa, shafti yenyewe ndiyo isiyolingana na wenzake, na hiyo ndiyo ya kubadilisha.