Kufuatilia mguu uliovunjika muundi: jinsi ya kutambua mapema sindromu ya kompatimenti bila kuchoma sindano

Misuli ya mguu chini ya goti imegawanyika katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungushiwa utando mgumu usiotanuka. Muundi unapovunjika, damu na majimaji hujaa ndani ya vyumba hivyo, shinikizo likapanda, na mishipa midogo inayolisha misuli na neva ikabanwa mpaka damu ikashindwa kupita. Hali hii ndiyo sindromu ya kompatimenti. Misuli iliyokosa damu kwa saa sita hadi nane kwa kawaida hufa, na mgonjwa aliyeingia wodini na mfupa uliovunjika tu anaweza kutoka na mguu usio na kazi, au bila mguu kabisa. Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wa zamu ambao hawana kifaa cha kupima shinikizo ndani ya misuli, au wanacho lakini wanahitaji kujua ni wakati gani wakitumie.

Hatua ya 1: Tambua nani wa kufuatiliwa

Aliye hatarini zaidi ni kijana wa kiume aliyevunjika katikati ya muundi, ambaye katika wodi zetu mara nyingi ni dereva au abiria wa bodaboda. Mweke pia katika orodha aliyelaliwa na kitu kizito, aliyeungua mguu mzima kwa kuzunguka, aliyerudishiwa damu mguuni baada ya mshipa mkubwa kuziba au kukatika, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Kidonda kilicho wazi kisikutulize, kwa kuwa utando uliochanika kwenye chumba kimoja haupunguzi shinikizo katika vyumba vingine vitatu.

Hatua ya 2: Andaa mguu na upate vipimo vya mwanzo

Laza mguu usawa wa moyo. Wengi wetu tulizoea kuuinua juu ya mito ili uvimbe upungue, lakini mguu ulioinuliwa hupokea damu kwa nguvu ndogo zaidi, na hilo ni hatari pale shinikizo la ndani linapopanda. Pima presha, kisha andika hali ya miguu yote miwili, kwa sababu mguu mzima, yaani usioumia, ndio utakaoulinganisha nao kila mara.

Hatua ya 3: Chunguza maumivu kwa namna ileile kila saa

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote. Muulize mgonjwa maumivu yake ni mangapi kati ya sifuri na kumi, akiwa ametulia, kabla hujamgusa. Kisha shika kidole gumba cha mguu kwa vidole vyako viwili, huku mkono mwingine ukishikilia unyayo ili mfupa uliovunjika usitikisike, na ukikunje polepole kuelekea chini. Ukikunja hivyo unavuta misuli ya chumba cha mbele, ambacho ndicho huathirika mara nyingi zaidi. Baada ya hapo kivute kuelekea juu ili uvute misuli ya chumba cha nyuma cha ndani. Maumivu ya mfupa hukaa pale ulipovunjika. Maumivu unayoyatafuta hupanda ndani ya nyama ya muundi au ya shavu la mguu, na mgonjwa huushika mkono wako akikuomba uache.

Angalia pia dawa. Mgonjwa aliyetulia kwa mofini saa mbili zilizopita, na sasa anaomba nyingine kabla ya muda wake, asihesabiwe kuwa msumbufu. Mtoto mdogo hawezi kukueleza. Kwake utaona wasiwasi, kuhangaika na kuhitaji dawa za maumivu zaidi na zaidi. Aliyepoteza fahamu, au aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, hatakuonyesha ishara hii, kwa hiyo huyo apimwe shinikizo la ndani ya misuli moja kwa moja, au apelekwe mahali linapoweza kupimwa.

Hatua ya 4: Pima hisia na nguvu

Kwa kipande cha pamba, gusa ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha pili; ganzi hapo huashiria neva inayopita katika chumba cha mbele. Gusa kisha sehemu nyingine ya juu ya mguu, halafu unyayo. Mwambie ainue kidole gumba, kisha akikunje.

Hatua ya 5: Jua vipimo visivyopaswa kukutuliza

Mapigo ya damu kifundoni huwapo hata misuli inapokufa. Mshipa mkubwa husukuma damu kwa shinikizo linalofikia kama milimita 120 za zebaki, ilhali mishipa midogo ndani ya misuli hufungwa kwa shinikizo la chini sana kuliko hilo. Kwa sababu hiyohiyo, kipima oksijeni kilichobanwa kidoleni kinaweza kusoma asilimia 98 bila kukwambia lolote kuhusu misuli. Kubonyeza shavu la mguu kwa mkono nako si kwa kutegemewa, hasa kwa chumba cha nyuma cha ndani ambacho vidole havikifikii. Ukisubiri mguu upauke, upooze na mapigo yapotee, umechelewa.

Hatua ya 6: Tumia mwanga wa infraredi pale kifaa kilipo

Baadhi ya hospitali zina sensa za mwanga huu usioonekana kwa macho, zinazobandikwa juu ya ngozi na kusoma oksijeni ya misuli hadi kina cha sentimita mbili au tatu. Bandika moja juu ya chumba husika na nyingine mahali palepale kwenye mguu mzima. Mguu ulioumia kwa kawaida hupata damu nyingi zaidi, hivyo usomaji wake unatarajiwa kuwa juu; ukishuka hadi kufikia au kupita chini ya ule wa mguu mzima, na ukaendelea kushuka, chukulia kuwa ni onyo. Damu iliyovilia, mafuta na rangi nyeusi ya ngozi vinaweza kuupotosha usomaji, kwa hiyo mwelekeo wa namba una maana kuliko namba moja. Kwa maoni yangu kifaa hiki kinasaidia, lakini hakijafikia kuchukua nafasi ya Hatua ya 3.

Hatua ya 7: Ishara ikitokea

Pasua P.O.P (plasta ngumu ya kushikilia mfupa) na bandeji zote mpaka ngozi ionekane, pande zote mbili, pamoja na pamba ya ndani. Mpe oksijeni, na presha ikiwa imeshuka ipandishe kwa dripu. Mwite daktari wa mifupa wakati huohuo, kisha rudia uchunguzi ndani ya dakika 30. Maumivu yasipopungua, mgonjwa anahitaji upasuaji wa kufungua utando wa vyumba vyote vinne. Penye kifaa cha sindano cha kupima shinikizo ndani ya misuli, tofauti ya chini ya milimita 30 za zebaki kati ya presha ya chini ya mgonjwa (namba ya pili ya kipimo cha presha) na shinikizo la ndani ya misuli huunga mkono uamuzi huo, ila pale dalili zilipo wazi, kutafuta kifaa kusiucheleweshe.

Andika kwenye chati saa ishara ya kwanza ilipoonekana na saa daktari alipoitwa, na uangalie mkojo: ukiwa na rangi ya chai, misuli imeanza kuharibika na figo ziko hatarini.